Tangi Lililojazwa kwa Ajili ya Wageni

Mama Cherehani alikuwa hakai bila kushona. Hata akizungumza na mtu, mguu ulikanyaga pedali na macho yalikuwa kwenye sindano. Chumba chake cha mbele ndicho kilichokuwa kiwanda. Sare za shule zilining'inia ukutani, vipande vya kitambaa vilitapakaa sakafuni, na redio ndogo iliongea juu ya kabati tangu asubuhi mpaka betri zichoke.

Siku hizo binti yake alikuwa amerudi nyumbani kungoja kujifungua. Mumewe alikuwa dereva wa lori, na kazi ilimweka njiani zaidi kuliko nyumbani. Binti alikaa karibu na dirisha akishona vifungo. Tumbo lake lilikuwa meza ya kuwekea sahani ya vifungo.

"Mama, hebu ona! Mjukuu wako ameipiga teke sahani."

"Mwache. Anataka kutoka aje adai shati lake."

Walicheka. Lakini Mama Cherehani alicheka kwa mdomo tu. Kila alipotupa jicho mlangoni aliona madumu mawili ya maji, yamefungwa vizuri kwa nailoni. Yalikuwa ya safari ya kituo cha afya. Mtaani kwao, mwanamke akienda kujifungua alibeba nguo za mtoto, nepi, na maji yake.

Kituo kilikuwa na bomba, lakini bomba kavu. Barabara ilipopanuliwa, tingatinga lilikata bomba kubwa upande wa pili wa barabara. Mafundi wakafukia, wakaondoka zao. Watu walikwenda ofisi ya maji wakaambiwa njoo kesho, njoo keshokutwa, mpaka wakachoka kwenda. Tangi la kituo likabaki limesimama juu ya nguzo zake, kubwa, jeupe, tupu.

Mimba hii ilikuwa ya pili. Katika ile ya kwanza, maji ya dumu yaliisha kabla mtoto hajatoka. Mkunga akanawa mikono kwa maji yaliyobaki kwenye kikombe. Mtoto alizaliwa mzima, lakini siku chache baadaye mama yake akashikwa na homa kali. Uchafu ulikuwa umeingia kwenye kizazi. Alilazwa hospitali kubwa, hajitambui. Mama Cherehani alikaa kando ya kitanda amemshika mguu, kana kwamba akiuachia mwanawe ataondoka. Safari ile alipona. Je, safari hii? Mama Cherehani hakutaka hata kufikiria.

Ndiyo maana mbunge alipokuja kuzungumza na watu, yeye alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono.

"Mheshimiwa, maji ya kituo cha afya tutayaona lini?"

Mbunge alikuwa mtu mpole, kila akifikiri anafuta miwani. Akaifuta, akasema, "Mama, hilo nitamuuliza Waziri bungeni."

Watu wakapiga makofi. Mama Cherehani akarudi kwenye cherehani yake akidhani kazi imekwisha. Kumbe ndiyo kwanza ilikuwa inaanza.

Baada ya muda, muuguzi mkuu wa kituo, ambaye wote walimwita Sista, alipita dirishani.

"Mama Cherehani, kesho nina wageni. Watu wa wizarani. Wanakuja kukagua maji."

"Maji gani, Sista, na maji hakuna?"

"Si ndiyo wanakuja kuona."

Cherehani ikanyamaza. Mama Cherehani alikuwa kiongozi wa kikundi cha akina mama, kile kinachopika misibani na kupamba harusini. Neno "wageni" lilimwamsha kama mchezaji anavyoamshwa na filimbi.

"Wageni wa wizarani wakute vyoo vinanuka? Watanawa wapi? Watatuonaje?"

"Waache waone hivyo hivyo," Sista akasema. Lakini alisema kwa sauti ya chini, kwa sababu hata yeye aliona haya.

"Hapana. Sisi si watu wa hivyo."

Jioni ile mtaa mzima ulitoka na ndoo. Muuza maji akatoa mkokoteni wake. Akina mama wakapanda ngazi ya tangi mmoja nyuma ya mwenzake, wakamimina, wakashuka, huku wanaimba. Binti naye akanyakua ndoo.

"Weka chini!" mama yake akamfokea. "Wewe mzigo wako unakutosha."

Sakafu zikapigwa deki. Vyoo vikamwagiwa maji mpaka vikang'aa. Mwenyekiti wa mtaa akazunguka amefunga mikono nyuma, akitoa amri ambazo hakuna aliyezifuata.

Jirani mmoja tu hakuwepo. Alikuwa amekwenda kumsalimia kaka yake. Huyo ni Mama Utaratibu. Kabla ya kustaafu alikuwa karani bungeni, na alirudi mtaani na tabia za huko. Watu wawili wakiongea pamoja, yeye hunyanyua kidole: "Utaratibu! Mmoja mmoja!" Jina likamganda. Angekuwepo siku ile, hadithi hii ingekuwa fupi.

Wageni wakaja, bwana mmoja wa tai na dada mmoja mwenye kamera. Wakaingia chumba cha kujifungulia. Bwana wa tai akafungua bomba. Maji yakatoka kwa nguvu, yakamrukia suruali.

"Mbona maji yapo?" akauliza.

Watu wakatazamana. Sista akafungua mdomo. Lakini Mwenyekiti akamuwahi. "Tunashukuru sana, bwana mkubwa. Serikali inatujali."

Dada akapiga picha ya maji. Mama Cherehani alisimama mlangoni. Moyoni akasema, hawa ni wataalamu, wataenda wenyewe kuona bomba lililokatwa. Kwa nini niwaharibie wageni safari? Akawapa soda. Wageni wakanywa, wakashukuru, wakapanda gari, wakaenda.

Siku ya majibu, chumba cha cherehani kilijaa. Wengine walikaa juu ya marobota ya kitambaa. Mama Utaratibu alikuwa amerudi, naye akaja na blauzi iliyombana ili ipanuliwe. Redio ikawekwa katikati.

Sauti ya mbunge wao ikasikika. Watu wakapiga vigelegele.

"Utaratibu!" Mama Utaratibu akanyanyua kidole. "Bunge linasikilizwa."

Mbunge akauliza, "Je, ni lini Serikali itapeleka maji katika kituo cha afya cha mtaa wetu?"

Waziri akajibu, wala hakusita. "Mheshimiwa Spika, wataalamu wangu walifika kituoni. Bomba lilifunguliwa mbele yao. Maji yalitoka kwa nguvu, na picha ninazo hapa. Huduma hiyo ipo. Wananchi wenyewe walitoa shukrani."

Spika akamruhusu mbunge kuuliza swali la nyongeza. Mbunge akakohoa. "Mheshimiwa Spika, hata mimi nashangaa. Labda Waziri aje aone mwenyewe. Je, yuko tayari?"

"Niko tayari, nikipata nafasi," Waziri akasema. "Nitakuja na kikombe changu, ninywe hayo maji."

Bunge zima likacheka. Kisha likaendelea na swali la mtu mwingine.

Chumbani hakuna aliyecheka. Halafu wote wakaripuka pamoja.

"Waziri mwongo!"

"Mbunge naye kaufyata!"

"Wote lao moja!"

"Utaratibu!" Mama Utaratibu akapaza sauti. "Hebu nielewesheni. Maji yalitoka, hayakutoka?"

Binti ndiye aliyejibu. "Yalitoka, shangazi. Mama na wenzake waliyabeba kichwani."

Mama Utaratibu alimwita binti huyo mtoto wa kaka yake, ingawa hawakuwa na undugu wowote. Alimtazama, akatazama tumbo lake, kisha akamgeukia mama yake.

"Shoga yangu, Waziri hakudanganya. Waziri alidanganywa. Na waliomdanganya nimekaa nao hapa."

Mama Cherehani akashikwa na hasira. "Nimemdanganya nini? Mimi nimesema neno? Nimekaribisha wageni, ndiyo kosa? Ulitaka wakute uchafu?"

"Ndiyo! Uchafu ndio waliofuata. Sikia nikwambie swali la bungeni linavyokwenda. Mbunge haamki tu akauliza. Anaandika swali, analipeleka ofisi ya Spika. Likikubaliwa, linapelekwa wizarani. Sasa Waziri atajuaje kama kituo chetu kina maji? Amewahi kufika? Anawauliza watu wake wa chini. Watu wa chini wanakuja hapa kwenu. Wanachokiona hapa ndicho kinachopanda mpaka juu, ndicho Waziri anachosoma. Bwana yule wa tai alikuwa ndiye jicho la Waziri. Nyinyi mkalifunika."

"Si angekwenda kuona bomba lilipokatwa?"

"Aende akatafute nini, na maji yamemlowesha suruali?"

Mtu mmoja pembeni akacheka, akakatazwa.

Mama Cherehani akakaa. Alimtazama binti yake. Siku zake zilikuwa zimekaribia, vifundo vya miguu vimevimba. Hasira ikaondoka, woga ukakaa mahali pake.

"Basi imekwisha?" akauliza polepole.

"Nani kasema? Swali linaweza kuulizwa tena, kama lina jambo jipya. Na kila neno linalosemwa bungeni linaandikwa. Waziri amesema atakuja. Hiyo ni ahadi, na kuna kamati ya wabunge inayofuatilia ahadi za mawaziri. Lakini mbunge leo amebaki mkono mtupu. Alimwambia Waziri hakuna maji, Waziri akamtolea picha ya maji. Lazima mtu akamweleze ukweli."

Macho yote yakamwendea Mama Cherehani.

"Mimi? Nikamwambie Mheshimiwa kwamba mimi ndiye niliyemwaibisha?"

"Kama unaona haya nitakwenda mimi," binti akasema. "Nitatangulia na hili tumbo. Litanifungulia mlango."

Mbunge alikuwa na ofisi hapo mtaani, vyumba viwili nyuma ya duka la dawa. Kumbe mtu yeyote aliruhusiwa kuingia, na hakuna aliyedaiwa chochote. Mama Cherehani alikuwa akipita hapo kila siku, akidhani ni pa wakubwa. Siku hiyo aliingia na binti yake na Mama Utaratibu.

Mbunge alikuwepo. Safari hii hakufuta miwani. "Mama, mliniumbua. Wenzangu wananitania mpaka leo, wananiuliza kama nimeshakunywa maji."

Mama Cherehani alikuwa amejipangia maneno mengi mazuri. Yote yakapotea. "Ni mimi, Mheshimiwa. Maji yale niliyabeba mimi na wenzangu. Tuliona haya mbele ya wageni."

Mbunge akamtazama. Kisha akamtazama binti, aliyekuwa ameshika kiuno.

"Huyu atajifungulia wapi?"

"Hapo hapo kituoni."

Mbunge akavuta karatasi. "Haya. Nipeni swali."

"Muulize tena ni lini ataleta maji," Mama Cherehani akasema.

"Hapana," Mama Utaratibu akaingilia. "Swali pana hivyo linampa pa kutokea. Atasema mipango inaendelea, na kweli itaendelea mpaka mjukuu wako aoe. Mheshimiwa, muulize hivi: Je, anajua kwamba bomba la kituo lilikatwa wakati wa kupanua barabara? Je, anajua kwamba maji waliyoona watu wake yalibebwa na akina mama kwa ndoo? Ni nani atakayeunganisha bomba hilo, na ni tarehe ngapi?"

"Hapo hana pa kupita," mbunge akasema, akiandika.

"Akijibu vyote isipokuwa tarehe, una swali lako la nyongeza. Liweke hapo hapo. Usilitumie kumwalika chai."

Mbunge akacheka kwa mara ya kwanza. Akaomba pia picha ya mahali bomba lilipokatwa, na Sista athibitishe kwa maandishi kwamba tangi haliletewi maji. Sista alifanya hivyo siku ile ile. Alisema maneno hayo yalikuwa yamemkaba koo muda mrefu.

Swali likapelekwa. Wizara ikatuma tena watu wake.

Asubuhi waliyotarajiwa, binti alishikwa na uchungu.

Mama Cherehani alimshika mkono wa kulia, Mama Utaratibu wa kushoto, na muuza maji akasukuma madumu kwa mkokoteni. Walipofika kituoni wakamkuta Mwenyekiti wa mtaa anahangaika uani.

"Mama Cherehani, umefika saa nzuri! Kusanya watu wako. Tangi halina hata tone. Wageni wako njiani, na mwanao anajifungua. Tujaze haraka, tuokoe heshima na mtoto pamoja!"

Binti akapiga ukelele mlangoni. Mkunga akamwingiza ndani.

Mama Cherehani akalitazama tangi. Miguu yake yenyewe ilitaka kupanda ngazi. Angejaza tangi, bomba la chumba cha uzazi lingetoa maji, mwanawe angekuwa salama leo. Na bwana wa tai angefungua bomba tena, akalowa tena, akaondoka tena.

"Hapana, Mwenyekiti. Leo tangini haliingii tone."

"Hata kwa mwanao mwenyewe?"

"Maji ya mwanangu yanapita mlangoni, kila mtu ayaone."

Akawaita wenzake. Wakaja na ndoo na madumu, wakayapanga kwenye korido, mstari mrefu kuanzia geti hadi mlango wa chumba cha uzazi. Wageni walipofika, bwana wa tai hakupata pa kuweka mguu. Ilibidi ayaruke madumu kama mtoto anayecheza.

"Haya yote ya nini?"

"Ya kuzalishia," Mama Cherehani akasema.

Bwana wa tai akaenda kwenye bomba la korido, akalifungua. Bomba likakoroma, likatoa upepo, likatema buibui mmoja, likanyamaza.

"Lakini mara ile..."

"Mara ile niliyamimina mimi, bwana. Mimi na hawa unaowaona. Tulitaka kukufurahisha, tukajiponza. Nisamehe. Sasa twende ukaone bomba lilipokatwa."

Mlango ukafunguka. Mkunga akatoa mkono, glavu imelowa damu. "Dumu jingine, haraka!" Dada wa kamera ndiye aliyekuwa karibu. Akaiacha kamera ikining'inia shingoni, akabeba dumu, akampa.

Mama Cherehani alitaka kuingia ndani, lakini alijua wageni wakiondoka bila kuona bomba, hawatarudi tena. Akavuka nao barabara. Akawaonyesha mahali palipofukiwa, akawaonyesha ncha ya bomba iliyochomoza kwenye mtaro. Alikuwa anaeleza huku shingo imegeukia kituoni, sikio liko kule. Bwana wa tai alikuwa angali anapima kwa futi wakati kilio cha mtoto kilipovuka barabara. Mama Cherehani akamwachia ncha ile ya futi aliyokuwa ameishika, akakimbia.

Mtoto wa kike. Mkunga alinawa mpaka kwenye viwiko, akanawa tena, na maji yakabaki.

Wiki ya majibu ilipofika, binti alikuwa nyumbani, ananyonyesha. Hakupata homa. Chumba kilijaa kama mara ile, ila safari hii watu walikaa kimya wenyewe.

Waziri alikiri. Alisema ni kweli bomba lilikatwa, na ni kweli wataalamu wake waliona maji yaliyobebwa na wananchi. Mamlaka ya maji italiunganisha.

"Tarehe hajasema," Mama Utaratibu akanong'ona, kidole kiko tayari.

Mbunge akasimama. "Mheshimiwa Spika, swali la nyongeza. Ni tarehe ngapi, na ni ofisa gani atakayewajibika isipofanyika?"

Karatasi zikasikika zikipekuliwa. Kisha Waziri akataja tarehe, akamtaja meneja wa maji wa eneo lile. Mama Utaratibu akashusha kidole. Alikuwa anatabasamu kama bibi harusi.

Tarehe ilifika, mafundi hawakufika. Zamani watu wangelalamika vibarazani, basi. Sasa Mama Cherehani alifunga cherehani akaenda ofisi ya mbunge. Simu ikapigwa kwa meneja yule yule aliyetajwa, naye alijua kwamba jina lake limeandikwa bungeni. Wiki haikuisha, mtaro ukachimbwa. Bomba lilipounganishwa lilitoa kutu kwanza, maji mekundu, halafu maji meupe. Sista aliyaacha yatiririke mikononi mwake, wala hakuwa na mtu wa kumhudumia saa ile.

Mama wenzangu, na baba zetu pia, shikeni hili. Mbunge ni mdomo wetu tu. Hawezi kusema tulichomficha. Na Waziri hujibu kwa kile alicholetewa. Mtu wa serikali akija kukagua, mpeni kiti, mwamkieni vizuri, lakini shida yenu iacheni ilivyo. Aibu ya siku moja haiui. Ile homa ya uzazi ilikuwa karibu imuue mwanamke mwenye miaka ishirini na ushee, na tangi likiwa limesimama pale kituoni, tupu.

Hivi karibuni mwalimu mkuu aliwaita wazazi shuleni. Alikuwa na furaha, jasho linamtoka.

"Wazazi wangu, kesho tunakaguliwa! Watu wa elimu wanakuja, mbunge ameuliza swali kuhusu madawati. Nimeongea na shule ya jirani, watatuazima yao kwa siku moja. Naomba wenye mikokoteni."

Watu wakaanza kunyanyuka. Mama Cherehani akabaki ameketi, akanyoosha mkono.

"Mwalimu, tusiazime."

"Sasa mama, wageni wawakute watoto wamekaa sakafuni?"

"Kwani wanakaa wapi?"